Mundu na Tawi: Khabari ya Kupogoa katika Nchi ya Karagwe

Katika kazi za nyumbani ambazo watu huzifanya bila ya kuzifikiri, kupogoa miti ya uani ni mojawapo. Mwasumini ukishafika dirishani, au mwaridi ukishaanza kumchoma mpita njia kwa miba yake, huitwa kijana mwenye panga, akafyeka, akalipwa, akaenda zake. Miezi mitatu baadaye mwenye nyumba hushangaa kwa nini hapati ua hata moja la kutia katika kikuba, na hukumu hutolewa kuwa mti umezeeka. Mti haukuzeeka. Umekatwa wakati usiokuwa wake, na mahali pasipokuwa pake.

Kazi hii ndogo ina tarikh yake, tena tarikh yenye magomvi, khofu na watu kutiwa gerezani. Na mahali ambapo tarikh hiyo inaonekana wazi kuliko pengine pote katika nchi zetu si huku pwani kwenye asumini na hina, bali ni mbali sana, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Karagwe. Khasa nitaitaja Isingiro, iliyo katika wilaya ya Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe mpaka ilipogawanywa mwaka 2012. Msomaji asiichanganye na Isingiro ya Uganda, ambayo ni wilaya nzima iliyo ng'ambo ya Mto Kagera. Jina ni moja na watu ni jamaa, ila mpaka wa Wazungu umepita katikati yao.

Mti wa kwanza wa kutajwa huko ni ule ambao Wahaya na jirani zao huuita mlamula, kama tutaliswahilisha jina lake. Ni wa jamaa moja na ule ambao Wachaga huuita masale: shina jembamba, majani marefu ya kijani yaliyokusanyika juu kama shungi. Hupandwa mbele ya nyumba ukapendeza, na hupandwa mpakani ukawa shahidi. Jina lenyewe linatokana na kulamula, yaani kuwaamua watu waliogombana, na mwenye sikio la lugha ataona kuwa lamula yao na amua yetu ni neno moja lililotembea njia mbili. Ajabu ya mti huu ni kuwa ukiukata haufi. Hutoa machipukizi chini ya jeraha, na kile kipande kilichokatwa ukikichomeka ardhini nacho humea. Kwa hivyo anayeupogoa mlamula wa mpakani anashika mkononi mpaka mwingine mpya, na akitaka uovu aweza kuuchomeka hatua mbili ndani ya shamba la jirani yake. Ndiyo maana mti wa mpakani haufai kukatwa na mtu mmoja peke yake. Wenye mpaka wote wawili wawepo, na wakiweza, mzee mmoja awe pamoja nao.

Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi nao hawakuliacha jambo hili. Wamesema kuwa tawi la mti wa mtu likiingia katika anga ya nyumba ya jirani, jirani ana haki ya kutaka liondolewe. Mwenye mti akikataa, jirani aweza kulikunja lirudi kwao, na lisipokunjika, ndipo alikate. Angalia utaratibu huo ulivyopangwa: kuambizana kwanza, kukunja kisha, na kukata mwisho. Wangapi katika mitaa yetu wanaoanza na panga!

Mti wa pili ndio wenye tarikh kubwa, nao ni mbuni, mti wa kahawa. Sisi watu wa pwani tumezoea kuiona kahawa katika kikombe kidogo na tukajua kuwa ilitoka Yaman, ambako masufi wa karne ya 15 waliinywa ili wakeshe katika dhikri, na kuwa mwaka 1511 liwali wa Makka aliipiga marufuku, na marufuku yenyewe haikudumu. Khabari hiyo ni ya kweli, lakini ni ya kahawa ya namna nyingine, ile iitwayo arabika. Namna iitwayo robusta haikuhitaji kuletwa na mtu katika nchi za Karagwe na Buhaya, kwani asili yake ni misitu ya huko huko kwenye Maziwa Makuu. Wenyeji hawakuinywa. Waliitafuna. Buni zikiwa bado hazijaiva ziliangukia chunguni pamoja na majani ya harufu nzuri, zikachemshwa, zikakaushwa, na mgeni akifika hupewa chache mkononi kama sisi tunavyompa tambuu. Na kwa kuwa ndani ya ganda moja mna kokwa mbili, ilifanywa pia alama ya udugu: watu wawili walichanjana, wakala kila mmoja kokwa moja iliyotiwa damu ya mwenziwe. Damu kuliwa ni haramu katika dini yetu, na hapo hapana mjadala. Nimelitaja kwa sababu bila ya kulijua, mtu hafahamu kwa nini mbuni ulipandwa karibu na mlango, ndani ya migomba, ukatazamwa kama pambo na heshima ya nyumba na si kama mali ya sokoni tu.

Watu wa pwani si wageni wa khabari hizi. Kabla ya Mzungu wa kwanza kufika Karagwe, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wakipitia Kaze, yaani Tabora, walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme Rumanyika. Speke na Grant walipofika mwaka 1861 waliikuta njia imekwisha kanyagwa. Stanley alipofika mwaka 1876 alimkuta Kafuro Ahmad bin Ibrahim, ambaye wanatarikh wa Uganda humtaja kuwa ndiye aliyemzungumzia Kabaka Suna khabari za Mwenyezi Mungu katika miaka ya 1840. Na Burton, ambaye hakuitia Karagwe machoni, aliandika khabari ya buni zake ndogo zinazotafunwa katika kitabu chake cha mwaka 1860. Alizipata wapi? Aliketi Kaze mwaka 1857 na 1858 akawauliza Waarabu. Ilimu ilikuwa ya wazee wetu. Jina lililoko juu ya jalada ni lake.

Basi katika zama hizo nani aliyeupogoa mbuni, na kwa nini? Katika falme za Wahaya mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kuupanda apendavyo. Idhini ilikuwa ya mkama, yaani mfalme. Mti wenye idhini ya mfalme haufyekwi ovyo. Uliachwa ukajikulia, ukawa na mashina mengi, baadhi yao marefu kupita urefu wa mtu mara mbili, na ukaishi miaka mingi kupita yule aliyeupanda. Kwa nyumba iliyotaka vikapu viwili vitatu vya kutafuna na kukirimu wageni, mti wa namna hiyo ulitosha.

Mambo yaligeuka baada ya Wajerumani kuweka boma Bukoba mwaka 1890, na zaidi baada ya reli ya Uganda kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Sasa buni iliweza kuvuka ziwa kwa meli na kushuka Mombasa kwa gari la moshi. Wajerumani wakawahimiza watu wote wapande, ile idhini ya mkama ikapungua nguvu, na mti wa mlangoni ukageuka kuwa mti wa kodi, wa nguo na wa mahari. Waingereza waliporithi nchi waliikuta Bukoba imekwisha jaa mibuni, na mingi ikiwa haijaguswa na mundu.

Hapo ndipo maofisa wa kilimo walipoingia na ilimu yao. Katika miaka ya 1930 bei ya kahawa ilikuwa imeanguka dunia nzima, nao wakaona dawa ni kuitunza vizuri zaidi ili iwe bora. Zikatolewa kanuni za utunzaji wa mibuni, zikapitishiwa kwa wakama, na wasimamizi wakatumwa waingie mashambani kutazama nani ametii na nani hakutii. Mwanzoni mwa mwaka 1937 watu wa Bukoba walikataa. Wenye mashamba walikuwa na chama chao, na katika waliokiongoza anatajwa khasa Clemens Kiiza, mfanyabiashara wa kahawa. Uvumi ulienea kwamba anayehesabu mibuni leo atachukua ardhi kesho. Makundi ya watu yaliwakabili wasimamizi, serikali ikaleta askari, viongozi wakashikwa wakahukumiwa. Mwaka huo huo Wachaga wa Kilimanjaro nao walikuwa na fujo zao za kahawa, ijapokuwa sababu yao kubwa ilikuwa namna ya kuuza, si namna ya kutunza.

Wako wanaoisoma khabari hii wakasema: tazama ujinga, watu wamepigania wasifundishwe kupogoa! Mimi sioni hivyo. Ilimu ya maofisa haikuwa ya uongo. Mbuni usiopogolewa huzaa kidogo na huzaa juu usikofika. Lakini mtu aliyeambiwa akate nusu ya mti wake, naye anajua kuwa mavuno ya nusu hiyo ndiyo kodi ya mwaka ujao, ana haki ya kuuliza: nitalipa nini wakati ninangoja machipukizi? Swali hilo halikujibiwa na kanuni. Na yule aliyekuja kuujibu ugumu huo alikuja na askari nyuma yake. Katika miaka ya 1950 likaja jambo la namna hiyo hiyo juu ya migomba na fukusi wake, amri ikatolewa, watu wakakataa tena, na miongoni mwa waliosimama mbele kuwasemea wakulima ni Ali Migeyo, Mwislamu wa Bukoba, aliyekuja kufungwa na wakoloni na ambaye khabari yake iliandikwa katika kitabu mwaka 1969.

Lile swali la mwaka 1937 halijafa. Limevaa nguo nyingine. Huko Kagera kuna desturi iitwayo butura. Mtu mwenye shida, wa ada ya shule au wa matibabu, humwendea mwenye fedha akamwuzia buni zilizoko mtini, na mara nyingi si buni bado, ni maua tu. Hupewa thamani ndogo, na mavuno yakifika mnunuzi huchukua gunia zima. Serikali imeikataza mara nyingi. Vyama vya ushirika, tangu kile cha Bukoba cha mwaka 1950 mpaka kile cha Karagwe cha mwaka 1990, viliwekwa ili mkulima apate bei yake kwa mkono wake, lakini shida haingoji msimu, na malipo ya ushirika mara nyingi yamechelewa.

Kwa msomaji wa Kiislamu, ubaya wa butura hauhitaji maelezo marefu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri uzima wake, na wanavyuoni wakaeleza sababu: hujui kama Mwenyezi Mungu atayazuia yasiive, basi kwa haki gani umekula mali ya ndugu yako? Lakini ninataka kuutaja ubaya wa pili, ambao sikuuona ukitajwa sana. Aliyeuza maua ya msimu ujao hawezi kupogoa. Tawi bado liko shambani kwake, mizizi ni yake, palizi ni yake, lakini mazao si yake tena. Akikata shina moja amekata deni la mtu. Kwa hivyo mti unaachwa, unarefuka, unazaa kidogo, na kwa kuwa unazaa kidogo mwenyewe anarudi kwa mwenye fedha mwaka wa pili. Deni linazuia mundu, na kukosekana kwa mundu kunazidisha deni.

Katika vitabu vya fiqhi mna mlango wa musaqati, nao ni mapatano baina ya mwenye miti na mtu wa kuihudumia kwa sehemu ya matunda. Imamu Nawawi, katika Minhaji ambayo vijana wetu huisoma darasani, amehesabu katika kazi za mhudumu kuondoa majani yanayodhuru na matawi yanayodhuru. Kwa madhehebu yetu mapatano hayo, kwa kauli iliyotegemewa, ni ya mitende na mizabibu, na wengine wameyapanua, sitaingia humo. Ninachotaka kionekane ni kuwa kule mhudumu na mwenye mti wote wawili wanangoja tunda moja, kwa hivyo tawi baya likikatwa wote wamefaidi. Katika butura mmoja anafaidi tawi kubaki na mwingine anafaidi likatwe. Hapo hawawezi kupatana juu ya mti.

Sasa niseme namna ya kazi yenyewe, kwani wako watakaotaka kuitumia nyumbani. Mbuni wa robusta hutoa maua katika matawi ya ubavuni, kwenye vifundo vilivyoota mwaka uliopita, na kifundo kilichokwisha zaa hakizai tena. Ndiyo kusema mazao yanakimbia kila mwaka kuelekea ncha ya tawi, mpaka tawi likawa refu, tupu katikati, na buni chache mwishoni. Anayekata ncha za matawi yote ili mti upendeze amekata mazao yote ya mwaka ujao na kubakiza sehemu iliyokwisha zaa. Inavyotakiwa ni kuondoa kabisa tawi lililochoka, kutoka shinani, na kuliacha lile changa likiwa zima.

Wakati wake ni baada ya mavuno. Huko Isingiro mvua ni mbili, ya Septemba hadi Desemba na ya Machi hadi Mei, na buni huchumwa katika miezi ya kiangazi iliyo baina yake. Mtu akimaliza kuchuma, mvua za Septemba hazijakaza, ndio wakati wa kukata. Mti umepumzika, na mvua ikishuka inakuta machipukizi yanaingoja. Na mti uliozeeka haung'olewi. Shina kuukuu hukatwa kwa msumeno juu kidogo ya ardhi, na mkato huwa wa kuinama ili maji yasituame juu ya jeraha. Shina moja huachwa likilisha mizizi mpaka machipukizi yatakapopata nguvu, nalo likaondolewa baadaye. Machipukizi hutoka mengi kama nywele; huchaguliwa mawili au matatu yenye afya, yaliyoachana, na mengine huondolewa yangali laini. Mavuno ya kutajwa hurudi kiasi cha baada ya miaka miwili. Mwenye busara hakati shamba zima kwa mwaka mmoja. Hukata sehemu, akala kwa sehemu, na kwa miaka kadhaa shamba lote huwa limegeuka jipya. Kama kanuni za zamani zingeanza kwa neno hili moja, pengine wengi wasingalikwenda gerezani.

Miti ya maua ya uani kwetu hufuata akili hiyo hiyo, ila lazima kwanza uujue mti wako unachanua wapi. Mwasumini na mwaridi huchanua katika chipukizi jipya. Hii huipogoa mwishoni mwa kaskazi, siku chache kabla ya masika, na mvua ikaitoa upya. Mti unaochanua katika tawi la mwaka jana huachwa mpaka maua yaishe, ndipo ukakatwa. Katika yote, ondoa kwanza kilichokufa, kisha kilichougua, kisha yale matawi yanayosuguana, na ukifikia thelusi ya mti, simama. Kata juu kidogo ya kifundo kinachotazama nje ili mti ufunguke katikati ukapata hewa. Mhina ni mvumilivu zaidi. Huo hukatwa kwa ajili ya majani yake na kurudi tena na tena.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililowatia watu wa Kagera khasara kubwa kuliko kanuni zote. Mwaka 1997 uligunduliwa huko ugonjwa wa mnyauko wa mibuni. Ulijulikana Afrika ya Kati tangu mwaka 1927, ukazuka tena mashariki ya Kongo, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Ni ukungu unaoingia ndani ya mti ukaziba mishipa ya maji. Majani hunyauka upande mmoja, kisha mti wote hukauka, na hauna dawa ya kuuponya. Na mlango wake mkubwa ni jeraha. Panga lililokata mti mgonjwa likaenda kwenye mti mzima limeubeba ugonjwa, na jembe linalochubua shina wakati wa palizi kadhaalika. Watu wa Unguja na Pemba wataikumbuka khabari ya mikarafuu: utafiti wa miaka ya 1950 ulionyesha kuwa ukungu unaokausha matawi ya mkarafuu huingia kwa yale majeraha yanayobaki wachumaji wanapovunja matawi.

Kwa hivyo sasa katika mashamba ya Karagwe na Kyerwa mafunzo ya kupogoa yanaanza na chuma kabla ya mti. Mti wenye dalili hung'olewa na kuchomwa pale pale uliposimama, wala kuni zake hazibebwi kupitishwa katika shamba jingine. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, ambacho kiko chini ya taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoanza kazi mwaka 2001, kimetafuta miche inayostahimili mnyauko, na miche hiyo inazalishwa kwa vipande vya machipukizi vinavyokatwa na kuoteshwa. Na kwa mti mzima, blade ya msumeno au mundu hupitishwa motoni, au hupanguswa kwa spiriti, kila inapotoka katika mti mmoja kwenda mwingine. Ni kazi ya nusu dakika kwa mti, na katika shamba la mibuni mia mbili ni kiasi cha saa moja na dakika arubaini za kushika moto tu.